Vibandiko vya Kijani Vilipokwisha

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na wa kwanza kukikataa atakuwa mwenyewe anayesimuliwa. Hata hivyo kitaandikwa. Anayekiandika ni mjomba wake, fundi seremala, mtu aliyesoma mpaka darasa la sita, tena hilo la sita alilipenda hata akalikaa miaka miwili. Mkikuta herufi imepinda, laumuni penseli. Ni ile ya kupigia mistari kwenye mbao.

Huyu mpwa wake ni daktari. Si daktari wa sindano, ingawa majirani hawajachoka kumletea watoto wenye kikohozi, naye hajachoka kuwaambia wamekosea mlango. Ni daktari wa udongo. Ameusomea udongo miaka kumi na mmoja, kitu ambacho mjomba wake alikuwa akikila bure alipokuwa na miaka miwili. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Mkoba wake hauna poda wala kioo. Una vifuko vya nailoni vyenye udongo, kila kimoja na kikaratasi chake. Siku ya harusi yake mjomba alitia mkono humo kutafuta leso, akatoka na kilo nzima ya mfinyanzi.

Tangu mwaka juzi yeye ndiye mkuu wa Idara ya Sayansi ya Udongo pale chuo kikuu, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Na kiti chenyewe, kama kuna anayetaka kujua, miguu yake ya nyuma imetengenezwa na mjomba.

Idara ina wahadhiri kumi na wawili. Kumi ni wanaume. Wa kumi na moja ni yeye, Mkuu. Wa kumi na mbili ni Bi Nyungunyungu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu kazi yake ni nyungunyungu, wale minyoo wa ardhini. Huwafuga kwenye matangi ya kioo, huwahesabu, huwapima uzito, na akikwambia udongo wako una afya ujue ameulizia kwa wenyewe. Mwingine angekasirika kuitwa hivyo. Yeye aliliandika jina mlangoni kwa kalamu ya wino mzito. Ametoka nchi nyingine, Kiswahili chake kina kona zake, na anatembea kwa gongo tangu utotoni. Na anacheka kwa sauti ya kuangusha vikombe.

Mkuu ndiye aliyekwenda kumleta. Walikutana kwenye mkutano wa wataalamu, wakakaa nje kwenye viti viwili vya plastiki, Mkuu akamwambia, "Dada, njoo kwetu. Utapata maabara yako. Na zaidi ya maabara utapata muda wa kuandika. Nakuahidi mimi, kwa mdomo wangu." Yule akafunga mizigo yake na minyoo yake akaja.

Sasa sikilizeni palipoharibika.

Chuo kilitoa waraka. Kila kamati, ulisema waraka, iwe na mwanamke, iwe na mtu mwenye ulemavu, iwe na mtu aliyetoka nje ya nchi. Mkuu aliusoma akafurahi mpaka akausoma tena akiwa amesimama. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa vikao chungu nzima akiwa mwanamke peke yake mezani, na kila kikao lazima atokee mtu wa kumuuliza kama chai imefika. Kwa hiyo akachukua kalamu siku hiyo hiyo akajaza majina. Kamati ya Mitihani: Bi Nyungunyungu. Kamati ya Maktaba: Bi Nyungunyungu. Kamati ya Mazingira, ya Nidhamu, ya Mahafali, ya Kuchagua Rangi ya Milango: Bi Nyungunyungu, Bi Nyungunyungu, Bi Nyungunyungu. Jina moja linatimiza matakwa matatu. Kwenye chumba cha chai wenzake wakawa wanamwita Tatu kwa Moja, naye alicheka nao mwaka wa kwanza.

Mwishowe zikawa kamati kumi na moja. Juu ya hizo, kila mwanafunzi wa kike aliyekuwa na machozi alielekezwa mlangoni kwake. Kila mgeni akitembelea idara, ni yeye wa kumtembeza. Hata kijitabu cha kutangaza idara kilipopigwa picha, yumo ukurasa wa pili kwa blauzi ya bluu, yumo wa tano kwa koti jeupe, yumo wa jalada la nyuma akimwonyesha mnyoo mtu asiyeonekana.

Na chuo kikaitunuku idara cheti: Idara Yenye Kamati Jumuishi Kuliko Zote. Mkuu alikileta karakana kwa mjomba akitabasamu mpaka magego. Mjomba akakitengenezea fremu ambayo wafalme wangeililia, kikatundikwa ofisini juu ya kiti.

Basi ikafika Ijumaa moja, Mkuu yuko mezani, Bi Nyungunyungu akasimama mlangoni. Hakucheka. Hakuingia.

"Mkuu, nahitaji dakika zako kumi. Ijumaa ijayo, saa nne. Mlango uwe umefungwa."

"Kuna nini, dada? Si uingie sasa hivi?"

"Sasa hivi naenda kwenye kamati," akasema, akaondoka.

Haijapita nusu saa, karani wa idara akaja na jalada kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu mwenzetu kaomba nakala za vyeti vyake vyote. Na ya barua ya kuajiriwa."

Pale chuoni hata mlinzi wa getini anajua maana ya mtu kuomba nakala za vyeti vyake vyote. Chuo cha upande wa pili wa mji kilikuwa kimeanza kumzungukazunguka Bi Nyungunyungu muda mrefu. Mkuu alikaa akaangalia ukuta. Akiondoka huyu, maabara ya minyoo inakufa, na wanafunzi wanne wa uzamili wanabaki yatima. Lakini hilo silo lililomuuma zaidi. Lililomuuma ni vile viti viwili vya plastiki, na yale maneno, nakuahidi mimi, kwa mdomo wangu.

Alipitisha mwisho wa juma hali chakula, hamsikii mtu. Na Jumatatu, kama mkosi, kulikuwa na mafunzo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku tatu, ya wakuu wa idara peke yao, namna ya kuongoza idara yenye walimu wa kila aina ili kila mmoja astawi. Yalifanyika ukumbi wa chini wa maktaba, wakuu kumi na tisa kwenye meza za duara. Wengi walikuja kwa ajili ya biskuti. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na begi lililojaa karatasi za rangi, na kabla ya saa nne walishampa jina la Mama Vibandiko. Alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo sana, hata watu kumi na tisa ambao hawanyamazi hata mazikoni ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Nani hapa," akauliza siku ya kwanza, "anaona idara yake imefanya vizuri kwenye jambo hili?"

Mikono ikasita. Mkono wa Mkuu wa Udongo ukaenda juu. Mwacheni, alikuwa na cheti.

"Sisi tumeshavuka huko," akasema. "Kamati zetu zote ziko sawa."

"Zote?"

"Zote kabisa. Tumetunukiwa."

"Hongera," akasema Mama Vibandiko. "Kesho tutaziangalia."



Siku ya pili kila mkuu akapewa karatasi kubwa ya manila, akaambiwa aandike chini, mstari mmoja, majina ya watu wa idara yake. Kisha vikaja vibandiko vya rangi, pakiti mbili kila mtu.

"Bluu," akasema Mama Vibandiko, "ni kazi inayompandisha mtu cheo. Utafiti, machapisho, vitabu. Kijani ni kazi inayoifanya idara isimame lakini hakuna anayepandishwa cheo kwa ajili yake. Kamati. Kuandika kumbukumbu za vikao. Kupokea wageni. Kubembeleza wanaolia. Bandikeni juu ya kila jina, kutoka chini kwenda juu, kama tofali. Msidanganye, kwani hakuna atakayewasahihisha."

Mkuu akaanza na mkongwe wa idara, profesa mmoja ambaye hawezi kuomba chumvi bila kusema "kwa mujibu wa," ndiyo maana anaitwa Profesa Kwa Mujibu. Huyu alipata bluu tisa na kijani kimoja, na hicho kimoja ni kukata keki anapostaafu mtu. Akaendelea na wengine. Bluu sita, kijani mbili. Bluu tano, kijani mbili. Akaja kwa Bi Nyungunyungu.

Kijani kimoja. Viwili. Vitano. Akabandika vya kamati, akahamia vya wageni, akahamia vya machozi. Mnara ukapanda, ukampita Profesa, ukagusa ukingo wa juu wa karatasi. Karatasi ikaisha, akaendelea kubandika kwenye kitambaa cha meza. Halafu akatia vidole kwenye pakiti, vikatoka vitupu.

Kushoto kwake alikaa mkuu wa Idara ya Mitambo, bwana mwenye tumbo la heshima.

"Jirani," akamnong'oneza, "nikopeshe kijani."

"Chukua pakiti nzima," akasema yule, mdomo umejaa biskuti. "Mimi kwangu kazi hizo zote anafanya karani, na karani hayumo kwenye orodha."

"Na kwa nini hayumo?" ikauliza sauti ndogo nyuma yao.

Mkuu wa Mitambo akaimeza ile biskuti nzima nzima, na tangu hapo hakuonekana kugusa nyingine siku ile.

Mama Vibandiko akasimama pembeni ya manila ya Udongo. Akautazama ule mnara kutoka chini mpaka ulipoteremka mezani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwenzangu."

"Ana kamati ngapi?"

"Kumi na tatu." Ndiyo, zimeongezeka. Kamati huzaana.

"Bluu zake?"

Bluu ilikuwa moja. Chapisho la mwaka ule aliofika, alilokuja nalo kutoka kwao.

"Nani alimpa hizi za kijani?"

Mkuu akajiangalia vidole, vimeganda gundi.

"Mimi," akasema. "Nilidhani namheshimu."

"Umemheshimu kila Jumatatu, Jumanne na Alhamisi," akasema Mama Vibandiko kwa upole, "kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja. Ratiba ya kamati za chuo naijua." Akapita kwenda meza nyingine.

Hapo ndipo alipojiona. Kwa sababu jambo hili yeye mwenyewe hulifundisha. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wapya shambani na koleo, na kabla hawajagusa ardhi huwapigia kelele, chota hapa, tembea, chota pale, tembea, changanya kwenye ndoo moja. Ole wake anayesimama mahali pamoja kwa sababu udongo wake ni laini! "Hujapima shamba wewe," humwambia, "umechimba shimo!" Na sasa ana shamba la watu kumi na wawili, na miaka miwili koleo lake halijatoka mahali pamoja.

Siku ya tatu kila mkuu akapewa kadi ndogo, aandike jambo moja atakalolifanya kabla ya juma kwisha. Mkuu akaandika haraka: Nitamwomba radhi. Mama Vibandiko akaisoma.

"Radhi hiyo ataipokea kwa mkono upi? Yote imejaa. Mpunguzie kwanza, radhi itafuata."

"Na waraka? Kila kamati inataka mtu wa namna hiyo, nami ninaye mmoja."

"Kama unaye mmoja, andika kwamba unaye mmoja. Acha kiti wazi, na kwenye ripoti useme: mjumbe hayupo kwa sababu hatujamwajiri. Ukikijaza kila siku kwa mtu yule yule, nani huko juu atajua kwamba huna watu?"

Mkuu akaichana ile kadi. Akaandika nyingine, akaitia mkobani, katikati ya vifuko vya udongo.

Jumatano alasiri mjomba yuko karakana anapiga randa, akamwona mpwa wake anaingia na fremu kwapani.

"Imevunjika?"

"Haijavunjika, mjomba. Toa cheti. Nakirudisha chuoni."

"Fremu hii ilinichukua siku nne!"

"Ulisema mbili."

"Mbili za kuwaza." Mjomba akaitazama sura yake, akaacha kutania kidogo, kidogo tu. "Haya, kaa juu ya huo ubao. Nani kakuudhi?"

Akasimulia yote, kuanzia vyeti mpaka vibandiko. Mjomba alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijarudi kutokea.

"Kwa hiyo," akasema mwisho, "watu kumi na wawili, mbebaji mmoja. Mama wee! Hata hapa kwangu, pasipo na digrii hata moja, ubao mrefu tunabeba wawili."

Mpwa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akafuta pua. "Akiondoka je?"

"Akiondoka utakuwa umeshautua mzigo, atakayefuata hataukuta hapo. Lakini mimi nasema haondoki." Mjomba hakuwa na ushahidi wowote. Alisema tu kwa sauti ya fundi.

Alhamisi saa tatu kikaitwa kikao cha idara. Bi Nyungunyungu hakuwepo. Alikuwa kwenye Kamati ya Maegesho ya Magari. Mkuu akaitundika ile manila ukutani, mnara wake ukiwa na kipande cha nyongeza kilichobandikwa juu mpaka karibu na dari. Wahadhiri wakatazama. Mmoja akacheka, kisha akaona hacheki mwingine, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kuanzia leo," akasema Mkuu, "zile kamati zote zinagawanywa. Kila mtu anachukua moja au mbili. Wanafunzi wenye shida watapangwa kwa zamu, na zamu inawahusu wote. Machozi hayaangalii mwanamume wala mwanamke."

Profesa Kwa Mujibu akainua kidole. "Kwa mujibu wa waraka, Mkuu, kila kamati lazima..."

"Waraka unataka tuwe wengi wa namna mbalimbali, Profesa. Haukutaka mtu mmoja awe wengi. Viti visivyo na mtu tutaviacha wazi na tutaandika sababu. Barua kwa Mkuu wa Kitivo hii hapa, tunaomba nafasi mbili za ajira. Cheti nimekirudisha asubuhi hii."

"Umekirudisha?" Sauti kama tatu kwa pamoja.

"Nimekirudisha. Na Profesa, kumbukumbu za kikao hiki utaziandika wewe."

"Mimi? Kwa mujibu wa desturi..."

"Desturi ilikuwa Bi Nyungunyungu. Kalamu hii hapa."

Yule mzee, miaka ishirini na tisa kazini, akaishika kalamu kama aliyeshikishwa nyoka. Kumbukumbu alizoandika siku ile zipo mpaka leo kwenye jalada, na ni fupi: Mkuu alisema mengi. Tulikubali. Chai ilichelewa.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wawili walinuna waziwazi. Mmoja aliuliza kama sasa na wao watapigwa picha za kijitabu. Lakini mnara ule ulikuwa ukutani, na ni vigumu kubishana na kitu kinachogusa dari. Kufika saa tano kila kamati ilikuwa na mtu, na safu ya Bi Nyungunyungu ilikuwa imebanduliwa yote, imebaki gundi.

Ijumaa Mkuu alifika ofisini saa moja na nusu. Alipanga meza. Alipangua. Juu ya kiti chake ukuta ulikuwa na mraba mweupe palipokuwa na cheti. Saa tatu na nusu akanywa maji. Saa nne kasoro dakika tano akasikia gongo kwenye korido, ko, ko, ko, likija bila haraka.

Bi Nyungunyungu akaingia, akafunga mlango, akakaa. Akatoa bahasha mkobani, akaiweka mezani na kuiwekea kiganja juu.

"Dada," Mkuu akaanza, "kabla hujasema..."

"Ngoja kwanza. Nimejiandaa wiki nzima, usinivurugie." Akavuta pumzi. "Hii ni barua ya kuacha kazi. Niliiandika Alhamisi ya juma lililopita. Wale wa upande wa pili wa mji walinipa nafasi, nami nikasema nakwenda. Nikaomba vyeti vyangu."

Mkuu akatikisa kichwa.

"Jumatano wakanipigia simu. Furaha tupu! Bwana mmoja anasema, Daktari, tunakusubiri kwa hamu, tumeshakuwekea nafasi zako. Nikauliza, nafasi zipi, za maabara? Akasema hapana, za kamati. Akanisomea. Saba! Sijafika hata getini, saba! Na ya nane ni ya kuchagua rangi ya milango."

Mkuu akajikuta ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nikakata simu. Nikajiambia, kama ni kukasirika, nikasirikie nyumbani. Nikapanga nije leo nikugombeze, Mkuu. Nilikuwa na maneno mazito. Mengine niliyatafuta kwenye kamusi, ili nisikosee. Viti vya plastiki vilikuwemo. Halafu jana jioni nafika maabara, namkuta Profesa Kwa Mujibu kasimama mlangoni na kijikaratasi, ananiuliza mwanafunzi akilia, kwa mujibu wa taratibu, apewe maji kwanza au akalishwe kwanza." Akaanza kutetemeka mabega. "Umeniharibia hasira yangu yote. Wiki nzima ya kazi!"

Kicheko kikatoka, kile cha kuangusha vikombe. Karani nje alisimama akidhani kuna msiba. Mkuu alicheka naye, kisha machozi yakamtoka, kisha akayaacha yatoke tu, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni na bado amejikunja kwa mazoea.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilikuahidi muda, nikakupa vikao. Nilidhani nakuweka mbele, kumbe nimekutwika."

"Ulinitwika, ndiyo. Nimesikia." Akaichukua ile bahasha, akaichana mara mbili, akaitia kwenye kapu. "Lakini na mimi nina lawama mpya."

"Sema."

"Umeniondolea na Kamati ya Maabara. Hukuniuliza. Ile nilikuwa naipenda."

Mkuu akashika kichwa. "Nimebandua zote!"

"Zote. Kwa kasi ile ile uliyobandikia." Akainuka, akalishika gongo lake. "Nirudishie hiyo moja. Na Jumatatu usinitafute, naandika. Wala Jumanne."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nitakuwa nachelewa kuamka."

Akatoka, ko, ko, ko. Mkuu akakaa palepale mpaka chai ikaletwa, akainywa baridi, na anasema hajawahi kunywa chai tamu kama ile. Alasiri akapita karakana, akaketi juu ya ule ubao mrefu, akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye maranda. Hakuwa na haraka ya sufuria yoyote. Fremu ilikuwa bado imeegemea ukuta, tupu. Akatoa mkobani ratiba mpya ya idara, ile yenye kila mtu na zamu yake, akasema, "Hii itaenea humo, mjomba?" Ikaenea, ukingo kwa ukingo.

Sasa muhula umepita. Bi Nyungunyungu ametuma makala mbili, moja imekubaliwa. Nafasi za ajira zimetangazwa. Profesa Kwa Mujibu ameugeuza uandishi wa kumbukumbu kuwa ufalme wake, anazisoma kwa sauti, na hakuna anayeruhusiwa kugusa ile kalamu. Mkuu wa Mitambo amemwandika karani wake kwenye orodha. Na habari ya yule mama wa kamati kumi na tisa imeenea vyuo vyote, hata juma lililopita Mkuu wa Chuo mwenyewe akateremka kwenye gari jeusi mbele ya karakana, akavua kofia, akapita kwenye maranda na viatu vyake vya kung'aa, akasema, Fundi, wazo lile la ubao mrefu kubebwa na wawili ndilo lililookoa chuo, na tangu leo nataka wakuu wa idara wote waje kufundishwa uongozi na mjo

"Mjomba! Mkuu wa Chuo alikuja hapa lini? Na kamati zilikuwa tisa. Tisa! Hebu lete hiyo penseli."